Habari za Gaju na Moto wa Jikoni

Bwiza, Bujumbura
27 Februari 1997

Kwa kaka yangu Himid, Kigoma.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Namuomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wote waliokupokea huko, na kama kile kikohozi chako cha masika kilikurudia, basi kiwe kimekwisha. Sisi huku tunalala na tunaamka, na siku hizi mtu akijibu hivyo, aliyemuuliza hali hushukuru na kushika njia yake. Mama hajambo. Anakula, anasali, anagomba. Mimi pia sijambo, isipokuwa mikono yangu, ambayo imekauka na kupasuka kama ya fundi chokaa. Sababu yake nitakueleza kwa wakati wake, maana nina mengi na karatasi ni hizi chache alizoniachia Seifu. Anaondoka kesho kwa njia zake anazozijua mwenyewe, na ameapa kwamba itakufikia mkononi.

Barua yako niliipata wiki iliyopita. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nikakaa, mara ya tatu nikajilaza kitandani nikaangalia dari. Himid, wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu, lakini kuna siku unanichosha mpaka basi.

Umeniandikia mambo mawili. La kwanza, kwamba rafiki yako Mawazo, mwenye ng'ombe huko Kigoma, anataka kujenga mtambo wa biogesi kama huu wa kwetu, kwa hiyo nikuandikie faida zake zote, nisisahau hata moja. La pili, kwamba hitima ya baba mwezi ujao nimchinje Gaju, ng'ombe wetu. Na hili la pili hukuniambia mimi peke yangu. Umemwandikia na Maalim Massoudi, naye akawatangazia watu baada ya sala ya Ijumaa. Sasa nikitoka nje napongezwa. Watu ambao tangu vikwazo vianze hawajaonja nyama isipokuwa ndagala, hao dagaa wa ziwani, kama ndagala ni nyama, wananiamkia kwa adabu ambayo sijawahi kuiona. Fundi cherehani wa pale kona ameshaniomba ulimi. Gaju hajachinjwa, na ulimi wake una mwenyewe!

Ngoja nianze na la Mawazo, kwa sababu ndilo jepesi.

Mwambie faida ya kwanza ya biogesi ni kwamba anayeijenga hupata safari. Wewe ulikuja hapa nyumbani na Révérien, fundi mwashi ambaye kabla ya vita alikuwa akiwajengea watu mitambo hii huko bara, mpaka wazungu wa mradi wakafunga mabegi yao na yeye akabaki na mwiko mkononi bila wa kumjengea. Mkachimba shimo katikati ya ua, mkanikatia kamba yangu ya kuanikia nguo, mkajenga ndani ya shimo kitu kama chungu kikubwa cha matofali kilichofunikwa. Mwezi wa tano moto wa kwanza ukawaka, wa buluu, nawe ukaita nusu ya Bwiza waje kuuona. Mwezi wa sita ukapanda boti kwenda Kigoma kununua chumvi, siku kumi tu. Mwezi wa saba nchi jirani zikatuwekea vikwazo, boti zikasimama, na siku zako kumi sasa ni miezi minane. Wewe unaukumbuka ule moto wa kwanza. Mimi nazikumbuka ndoo zote zilizofuata.

Maana Mawazo lazima aambiwe pia habari ya ndoo. Kila siku, Idd na siku ya mabomu ni sawa, ndoo mbili za samadi na ndoo mbili za maji. Unachanganya mpaka iwe kama uji. Mti hautoshi, Révérien mwenyewe alinionyesha: unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, unatoa nyasi, unatoa mawe, unatoa kila kisichooza. Halafu unamimina kwenye mdomo wa mtambo, inashuka chini, inachacha humo gizani, na gesi inapanda juu ya kuba na kuja jikoni kwa bomba. Uchafu wa zamani unasukumwa nje upande wa pili, tope jeusi ambalo, nakubali, halinuki hata kidogo ukilinganisha na lilivyoingia. Wewe kwenye barua yako unaandika "unaweka samadi kidogo." Kidogo! Njoo uiweke wewe hiyo kidogo.

Basi faida. Sitaki uniambie nimezificha.

Unakumbuka mama alivyokuwa. Miaka arobaini juu ya kuni na makaa, macho yakaingia ukungu, kifua kikashikwa na pumu, analala amekaa ameegemea ukuta. Tangu tuanze kupikia gesi analala chali. Wiki ya kwanza niliamka mara mbili kwenda kumtazama kwa sababu sikumsikia akikoroma kwa shida. Hakuna moshi, Himid. Sufuria hazina masizi, dari ya jikoni imeanza kuwa nyeupe, na mama anaingia jikoni kukaa tu, kunisumbua, kuniambia vitunguu vyangu vinaungua. Mambo hayo asingeweza kuyafanya penye mbabura, lile jiko la makaa. Mwambie Mawazo, hata kama ingekuwa hiyo peke yake, ajenge.

Halafu makaa yenyewe. Yanateremka kutoka milimani kwa barabara ambayo siku hizi gari likifika salama watu wanalipigia makofi. Siku lori likivamiwa, mjini hapapikwi. Wanawake wanaopanda vilima kutafuta kuni wenyewe, wengine hawashuki. Mwaka jana alipanda dada mmoja wa mtaa wa pili, mwenye mtoto wa kunyonya, na mtoto sasa analelewa na bibi yake. Mimi sijapanda kilima hata mara moja. Kuni zangu nazikoroga hapa uani. Na siku risasi zinapolia Kamenge na mji mzima unajifungia, sisi tunapika maharage saa tatu mfululizo, na majirani wanaleta sufuria zao kwa foleni. Taa pia inawaka kwa gesi hiyo hiyo, umeme ukikatika. Lile tope linalotoka nalimwaga bustanini, na mboga zangu za lengalenga zimefika kiunoni. Nzi wamepungua kuliko zamani ulipokuwa unalundika samadi ukutani, na wale majirani waliokuwa wanakushitaki kwa harufu sasa wanakuja kuomba mbolea.

Usalama sasa. Mwambie ukweli kwamba kuna hatari moja ambayo Révérien hakuitaja. Desemba waliingia hapa wanajeshi watatu, koplo na wenzake, eti tumezika petroli ya magendo. Koplo akaniuliza, "Mama, petroli iko wapi? Batu banasema uko na tanki chini ya udongo." Nikamwambia tanki liko, lakini ndani mna mavi. Hakupenda jibu. Akamwamuru mmoja wao atie fimbo kwenye mdomo wa mtambo, fimbo ikatoka na ushahidi wote, na yule kijana akajifuta suruali huku ananilaumu mimi kwa macho. Mwisho nikawaingiza jikoni, nikawasha jiko, nikawapikia chai. Koplo akainama akautazama ule moto kwa muda mrefu sana. Akauliza kama mtu mwenye ng'ombe wawili kilimani anaweza kumjengea mama yake kitu hicho, mama yake anakohoa usiku. Nikamwandikia jina la Révérien kwenye kipande cha karatasi. Waliondoka bila kuchukua kitu, na siku hizi hilo ni jambo la kuandika kwenye barua.

Hizo ndizo faida. Mawazo ajenge. Ila achimbe mbali na kamba ya nguo.

Kabla sijafika kwenye hitima, lazima nikusimulie ya Ramadhani, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kinachofuata. Unamjua mama na usafi wa kuupokea mfungo. Wiki ya mwisho ya Shaabani mikeka yote nje, mapazia yote majini, vyombo vyote vinang'arishwa kwa majivu mpaka mtu unaona aibu kulia ndani yake. Nikatoka kwenda sokoni. Niliporudi nikamkuta mama amesimama uani na fimbo yake, ameridhika, na miguuni pake chupa tatu tupu za Javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, na pakiti ya Omo. Amezimimina zote kwenye mdomo wa mtambo. Akaniambia mwezi mtukufu unaingia na moto wa kupikia futari lazima nao usafishwe.

Révérien alipokuja alishika kichwa kwa mikono miwili. Alinieleza kwamba humo shimoni mna vijidudu visivyoonekana, ndivyo vinavyokula samadi na kutoa gesi, na mama ameviua. Moto ukafifia siku hiyo, kesho yake ukazimika. Ikabidi tuchote mapipa na mapipa, tuingize samadi mpya, tuchanganye na tope la zamani nililokuwa nimelihifadhi kwa ajili ya bustani ili vijidudu vizaliane upya, na tungoje. Tulingoja wiki mbili. Wiki mbili nilirudi kwenye mbabura, napikia nje kwenye upepo, nafunga mlango wa mama kwa matambara, na moshi ukaingia vile vile.

Mfungo wa nne, saa za alasiri, kifua kilimbana. Nimeshaona pumu ya mama miaka mingi, lakini hii sikuwahi kuiona. Midomo iligeuka rangi. Alikuwa akivuta pumzi kana kwamba anaivuta kwa tundu la sindano, na hakuweza kuniambia hata nishike mkono upi. Gélase, mume wa Prudence, jirani zetu wa nyuma ya ukuta, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka tukapata gari. Hospitali walitupa hewa ya chupa zamu kwa zamu, kwa sababu chupa ilikuwa moja na wenye shida wanne. Nilikaa sakafuni nikashika miguu yake ya baridi, na hapo nilijiapia kwamba jiko lile la gesi halitazimika tena nikiwa hai, na sitajali nimelilisha nini. Nakuomba ukumbuke kiapo hicho unapoendelea kusoma.

Moto ulirudi mfungo wa kumi na moja. Mama naye alirudi pamoja nao. Kumi la mwisho alisali tarawehe amesimama, jambo ambalo hajalifanya tangu baba afariki. Tangu hapo amepata wazimu mpya: maganda. Maganda ya ndizi, maganda ya viazi, ugali uliolala, maji ya kuoshea mchele, vyote vinawekwa kwenye ndoo, anasema ni vya Gaju, niviingize kwa Prudence, ambako Gaju analala kwa ajili ya wezi kama nilivyokuandikia. Kila jioni lazima aniulize kama Gaju amekula. Nami kila jioni nambeba huyo Gaju mgongoni kwa maneno, amekula, amekunywa, hajambo.

Sasa la hitima.

Kaka, Gaju hayupo. Hayupo tangu Oktoba. Barua zangu mbili nilizokuandikia kwamba hajambo, zote nilisema uongo, na nimemdanganya mama kila jioni kwa miezi minne. Siandiki hivi kwa sababu nimepata ujasiri. Ni wewe umenilazimisha, wewe na Maalim wako na tangazo lako la Ijumaa.

Wakata majani waliokuwa wanatuletea majani kutoka nje ya mji waliacha kuja tangu mwezi wa tisa, njia zilikuwa zimefungwa. Ng'ombe analia, mimi sina cha kumpa. Nikaanza kuokota mabaki ya mboga sokoni, nayatia kwenye gunia, namwagia mbele yake. Sikuyachambua. Mimi, ninayechambua mavi kwa vidole kila asubuhi, chakula chake sikukichambua. Mlikuwa na mifuko ya plastiki ndani yake, ile myeusi ya sokoni. Tumbo likavimba, akaacha kutafuna, siku ya tatu nikamkimbilia mchinjaji angalau awahiwe kwa kisu. Tulipofika alikuwa ameshakufa. Nyamafu. Hata kipande hakikuliwa, hata ngozi sikutaka kuitazama. Mama alikuwa Buyenzi kwa shangazi siku hizo. Révérien na Gélase walimvuta kwa mkokoteni wakamzika kando ya mto, na mimi nikaosha uani na kutunga hadithi ya wezi. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Nimelia kwa ajili ya ng'ombe yule kuliko nilivyolia kwa ajili ya watu, na hilo pia linanitia haya.

Lakini ng'ombe hayupo maana yake samadi haipo. Samadi haipo, gesi haipo. Gesi haipo, ni makaa, na makaa ni kifua cha mama. Nilizunguka mtaa mzima. Wenye ng'ombe wamewauza au wameibiwa. Wenye mbuzi wana kokoto za mbuzi tu, hazijazi hata sufuria. Wiki ya pili moto ulianza kuwa mdogo, na mama akaanza tena kile kikohozi chake kikavu.

Unalikumbuka lile tundu la ukutani, tulilolitoboa mwaka juzi, siku ile mbaya tulipowapitisha watoto wa Prudence waje wajifiche kwetu chini ya kitanda cha mama. Hatukuliziba. Asubuhi moja Prudence aliniita kupitia hapo. Alisema, "Dada Kaltum, naona we unazunguka na ndoo tupu. Mi hapa iko mavi mingi, sina pa kuitupa. Chukua." Na mimi nilijua, na wewe unajua, Himid, kilichomo kwenye banda la Prudence. Nguruwe watatu, na jike mmoja alikuwa na mimba.

Nilimwambia hapana. Nilikaa siku mbili na hapana yangu. Siku ya tatu Révérien, bila mimi kumuuliza, alisema kwamba samadi ya nguruwe inatoa gesi nyingi hata kuliko ya ng'ombe, halafu akatazama pembeni, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Siku ya nne nikapitisha ndoo kwenye tundu.

Tangu Novemba mpaka leo, kaka, jiko la nyumba ya baba yetu linawaka kwa nguruwe. Ulipowaka moto upya mfungo wa kumi na moja, ni nguruwe. Futari ya mama, daku ya mama, uji wake, maji yake ya moto ya kutawadhia, yote yamepikwa kwa moto huo. Mama huyu huyu ambaye hanywi maji kwenye kikombe cha nyumba inayofuga nguruwe! Nyama yao haijakanyaga jikoni kwangu, hilo naapa; Prudence analeta sufuria yake ya maharage na mimi naifunua na kuinusa kwanza, naye anacheka. Kila alfajiri, mama akiwa kwenye mswala, mimi nakwenda kwenye tundu. Nachukua ndoo, nakoroga, nachambua, namimina. Halafu naosha mikono kama tulivyofundishwa chuoni, mara saba, na moja yake kwa udongo. Kila siku, tangu Novemba. Ndiyo maana ya mikono niliyokuambia mwanzo. Wakati mwingine jua linakaribia kutoka nikiwa bado kwenye ya tano, na sala yangu naisali mbio mbio nikiwa na hasira na wewe.

Sasa umewatangazia watu hitima ya ng'ombe. Siku ile wakifika na visu, watauliza Gaju yuko wapi, nitawaambia kwa Prudence, na watakwenda kwa Prudence. Kabla ya Isha mtaa wote utakuwa unajua tunachopikia. Watu wakisema sitajali. Lakini atakuja bibi mmoja mwenye huruma kumweleza mama, na mama ataacha kula chochote kilichotoka kwenye jiko lile. Ataagiza makaa. Ninamjua, na nimeshika ile miguu ya baridi, na sitaki kuishika tena.

Kwa hiyo nakuomba, na ukiona neno naomba ujue limenitoka kwa shida: mwandikie Maalim upesi kwamba umebadilisha shauri, kwamba hitima iwe wali na maharage, Gaju abaki kwa ajili ya maziwa. Ongeza uongo wako juu ya wangu, wewe ndiye mkubwa. Na mama asijue kamwe. Nilaumu mimi ukitaka, kwa ng'ombe na kwa nguruwe, lakini nilaumu kwa siri.

Nimechoka na karatasi inakwisha. Wasalimie wenyeji wako wote, msalimie na Mawazo na shimo lake. Prudence na Gélase wanakusalimu, Révérien anasema ukipata mipira ya bomba huko ulete. Namuita mama sasa atoe salamu zake mwenyewe, kama kawaida, nami nitaziandika neno kwa neno, kwa sababu usipoona maneno yake unalalamika kwamba ninamfupishia.

Salamu za mama ni hizi:

"Himid mwanangu, mimi ni mzima, kifua kimetulia. Nasikia umesema tumchinje Gaju. Mwambie Maalim Gaju alikufa, na kama anaona haya kuwaambia watu nitawaambia mimi. Kaltum, andika, kwa nini umesimama? Andika. Mwambie Himid dada yake anadhani mimi ni kipofu na kiziwi pia. Macho yangu ni mabovu, lakini sijasikia ng'ombe akilia nyuma ya ukuta huo tangu Oktoba, na Desemba nimesikia jike akizaa watoto wengi kwa makelele ambayo hakuna ng'ombe anayeyapiga. Na kila alfajiri nikitoa salamu nasikia maji. Mtu aliyeshika mavi ya ng'ombe haoshi mara saba kwa udongo. Mimi ndiye niliyempeleka chuoni, na kuhesabu mpaka saba najua.

"Nilikasirika. Zile Javeli nilizimimina kwa ajili hiyo, nilitaka kulisafisha. Mungu akanionyesha hospitali nilichokisafisha. Nilipotoka nikamtuma shangazi yenu akaulize kwa Maalim habari ya bibi mmoja ambaye hakumtaja, akajibiwa kwamba aliyelazimika si sawa na aliyependa, na ale kwa amani. Ndiyo nikaanza kuwapelekea maganda. Wananilisha, nami nawalisha. Lakini wageni wa hitima hawajalazimika kitu, kwa hiyo chakula chao kitapikwa Buyenzi kwa shangazi, kwa makaa, na kiwe wali na maharage. Baba yenu hakuwahi kupenda nyama kama alivyopenda maharage. Na siku utakayorudi, kabla hujaingia kwa mlango wa mbele, pitia nyuma kwa Prudence umshukuru. Sasa nimemaliza. Mwambie avae viatu, udongo wa masika una minyoo."

Nimeandika kama alivyosema. Yote niliyokuomba hapo juu kuhusu kuficha, yafute. Sijui kama nicheke au nimkasirikie, miezi minne nimekuwa nikiosha mikono kwa kunyatia kama mwizi na yeye amekaa kwenye mswala anahesabu. Amerudi chumbani kwake sasa. Alipofika mlangoni aligeuka, akaniambia kesho alfajiri nimwamshe mapema, atanimiminia maji yeye mwenyewe, maana nikishika birika kwa mkono ule mchafu naanza upya bila kujua.

Mdogo wako,
Kaltum